Pale Magamba Yalipokutana

Boran alichonga jiwe la juu ya mlango wa hekalu kuanzia kichwani mwa mungu Vishnu, aliyelala juu ya nyoka. Kaka yake, Samnang, alianzia miguuni. Walikuwa hawasemezani tangu mazishi ya baba yao.

Siku walipokutana katikati, Boran alipuliza vumbi kwa hofu, maana kama magamba ya nyoka yasingelingana, jiwe zima lingeharibika. Yalilingana. Akapitisha kidole pale, asiuone mpaka.

"Kaka," alisema, "mkono wako ni ule ule wa baba."

Samnang alisogea kwenye jukwaa la miti, akampisha mdogo wake akae karibu naye, mbele ya kitovu cha mungu, mahali ambapo ua la yungiyungi linalochipuka humo lilikuwa bado halijachongwa.