Neno la Kumuaga Meneja

Zamu ikiisha, meneja Mjapani husimama mlangoni mwa kiwanda cha vipuri, hapa Birmingham, akainama. "Otsukaresama," humwambia kila mfanyakazi, yaani pole na kazi. Nawe humjibu neno hilo zima, umeinama.

Vijana wana kifupi chake: "Otsu." Mkenya wa mashine ya jirani alikwisha kumuonya Mselem.

"Hiyo ni yetu sisi kwa sisi, mzee. Ukimwambia bosi, umemdharau. Utafutwa kazi."

Leo Mselem alikuwa amerudi kutoka msibani. Siku hospitali ilipopiga simu kwamba mkewe amezidiwa, aliomba ruhusa, na meneja huyu huyu akamwambia amalize zamu kwanza. Alipofika, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka mpya.

Foleni ikasogea. Mselem akaitazama shingo ya meneja iliyoinama, safi, imenyolewa vizuri. Kuinama wanajua, wakubwa hawa.

"Otsukaresama."

Mselem akasimama wima. "Otsu."

Waliokuwa wakivaa makoti wakageuka. Meneja akainuka taratibu.

"Umesema nini?"

"Umenisikia, bosi," akasema Mselem. "Na siku ile pia ulinisikia."