Kisanduku cha Chini

Mara ya nne Joha aliingia dukani kwa mzee Dhirajlal na fomu ileile mkononi, na safari hii hakuwa na hamu hata ya kukaa.

Fomu ilikuwa ya chuo. Kila mwanafunzi wa ushauri nasaha amhoji mtu wa utamaduni mwingine: maswali kumi, na chini kabisa kisanduku. Mhojiwa amefunguka? Ndiyo. Hapana. Atakayeleta Hapana haendi mafunzo ya hospitalini, anarudia mwaka. Mwisho wa kukusanya ni kesho.

Siku ya kwanza alikuwa amejiandaa. Aliunganisha viganja, akasema, "Namaste."

Mzee alimtazama, akajibu, "Mbukwenyi."

"Mimi si Mgogo, mzee. Ni Mrangi wa Chemba."

"Aa. Na mimi nimezoea shikamoo."

Tangu hapo ikawa kutwanga maji kwenye kinu. Ukimuuliza habari za mazishi ya kwao, anauliza kama Chemba mvua imenyesha. Ukimuuliza ndoa, anamimina chai na kuuliza mama hajambo. "Hajambo," Joha hujibu upesi, arudi kwenye swali la tatu, ambalo hadi leo lilikuwa tupu. Ikikaribia saa kumi na moja jioni, mzee hukwapua daftari lake chini ya kaunta, akafunga duka, akawahi anakokujua mwenyewe.

"Mama hajambo?" mzee aliuliza leo pia.

Joha alitupa kalamu. "Mzee, umenichosha! Mara nne nzima! Nitafeli kwa sababu yako!"

Mzee alimsogezea kikombe, akangoja, na kule kungoja ndiko kulikomshinda Joha.

"Sijui kama hajambo," alisema. "Tangu nikatae posa ya Masudi hapokei simu zangu. Mwezi wa saba huu." Akalia palepale kati ya majora ya vitambaa, akasema yote, hata yale ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho. "Pole, mwanangu," alisema. Kisha, kwa aibu kidogo: "Utaniruhusu niyaandike?"

"Uyaandike ya nini?"

Alitoa daftari chini ya kaunta. Ndani mlikuwa na fomu yenye muhuri wa chuo kilekile. Mwanafunzi: Dhirajlal, darasa la jioni. Mhojiwa: Joha, Mgogo, neno Mgogo limekatwa, juu yake Mrangi. Maswali yote kumi yalikuwa yamejazwa. Kilichobaki ni kisanduku cha chini.