Nyuma ya Shuka

Filamu ya Meksiko, iliyopigwa picha majuzi tu, ilioneshwa uwanjani kwenye shuka jeupe. Kati ya wapanda farasi wenye makofia mapana, Eulalia akamwona Anselmo, mumewe aliyesemekana kafukiwa mgodini zamani.

"Yule si Anselmo?" akamnong'oneza mchumba wake, Fermín.

"Tazama kovu, mpenzi. La marehemu lilikuwa shavu la kulia. La huyu liko kushoto."

Kweli, kushoto. Eulalia akashusha pumzi, ila moyo ulikataa kutulia. Mara maandishi yakatokea, yamegeuka kama kwenye kioo. Ndipo alipokumbuka: walikuwa wamekaa nyuma ya shuka, upande wa bei rahisi, na Fermín, mwenye duka zima, ndiye aliyeng'ang'ania wakae huko.

Akainuka aende mbele. Mtandio ukamkaba shingo. Ncha yake ilikuwa ndani ya ngumi ya Fermín.