Uzi Shingoni mwa Chupa

Siku ya nne baada ya Lubumbashi kuporwa, mwimbaji mmoja wa kwaya alileta chupa tatu za divai nyeupe kwenye sakristia, chumba cha kuandalia misa.

"Hii njo divai ya misa ya kesho, Mupe," alimwambia padri. "Nilizipata ku soko, kule Kampemba."

Mama Victorine, mfuaji wa vitambaa vya altare, alisogea. Miaka kumi na tano alikuwa akiandaa divai bila kujua asili yake.

"Mupe, hii iko zabibu ya wapi?"

Padri alivaa miwani, akachangamka kama mwalimu. "Hii ni Riesling, ya Ujerumani. Ile ni Chenin, ya Ufaransa, kandokando ya mto Loire."

"Na hii?"

Ya tatu ilikuwa imebanduliwa karatasi yake. Padri aliifungua, akanusa. "Muscat! Inanukia zabibu yenyewe. Ni ya kale sana. Wengine wanasema ilianzia Ugiriki."

Ugiriki! Victorine aliipokea chupa naye anuse. Kidole chake kikagusa uzi mweupe shingoni, wenye mafundo mawili.

Uzi wa namna hiyo alikuwa akiuchomoa mwenyewe kwenye vitambaa vilivyochakaa na kuufunga kwenye kila chupa ya misa, isichanganyike na divai ya mezani kwa mapadri. Chupa zote zilichukuliwa siku ya uporaji, mlango wa sakristia ulipovunjwa.

Aliinua macho. Mwimbaji naye alikuwa akiutazama uzi.

"Papa," Victorine alimwambia mwimbaji taratibu, chupa ikiwa bado puani, "Mupe anasema Ugiriki. Na weye, unasema ilitoka wapi?"