Mifarishi ya Mama Elia

Felista alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la mumewe, analizungushia futi ya fundi kama anayempima bibi harusi.

"Kabati halivai nguo, Mama Elia," Godlisten alimwambia kutoka kitini.

"Mgeta kuna baridi, Baba Elia. Hata mbao zinaisikia."

Godlisten akacheka, akarudi kwenye redio yake. Kubishana kulikuwa na faida gani? Mke alikuwa anashona, na hilo ndilo alilolitaka.

Kwa miaka mingi mwanamke huyo alikuwa mtu wa kuanza tu. Usichanani mwake masista wa misheni walimfundisha kushona mfarishi: viraka juu, blanketi kuukuu katikati, shuka chini, kisha uzi unapita tabaka zote mpaka kitu kinakuwa kinene kama godoro la mtoto. Tangu hapo hakuna kitambaa kilichompita. Sare za harusi, sare za msiba, vitenge vya kwaya, mabaki ya mafundi, kanga za marehemu shangazi, vyote viliishia masandukuni. Alianza mfarishi wa mwanawe Elia alipopata kipaimara. Elia sasa ana upara. Alianza wa ubatizo wa mjukuu. Mjukuu ameshaota ndevu.

Godlisten yeye hakuwahi kuanza kitu akakiacha, kwa kuwa hakuwahi kuanza kitu. Alikuwa msimamizi wa stoo katika kiwanda kimoja mjini Morogoro. Alipostaafu alipanda mlimani na mkewe, akawa msimamizi wa mkewe. Shamba lilikuwa la ukoo wa mama yake Felista, na kiwanja cha nyumba vilevile, kama ilivyo desturi ya Waluguru. Godlisten, Mchaga wa Kibosho, alipigilia bati jipya upande mmoja wa paa, na tangu siku hiyo akawa anasema "kwangu". Watu wa mlimani ni wapole. Walimwacha aseme.

Siku aliyojigonga goti kwenye sanduku, aliitisha kikao. Akaja mzee Kasiani, mjomba wa Felista na mkubwa wa ukoo, pamoja na Yakobo, kaka yake Felista. Godlisten alisimama, akazungumza kama yuko semina. Alieleza maana ya malengo, umuhimu wa ufuatiliaji, na tofauti ya mali na takataka. Chai ikapoa. Kisha akafika penyewe.

"Achague," alisema. "Mimi au vitambaa."

Mzee Kasiani alikuwa mzito wa sikio, au alijifanya. "Rudia, mkwe wangu, tusije tukasema hatukusikia."

Godlisten akarudia, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya bonde.

Mzee akamgeukia mpwa wake, akamuuliza kwa nini miaka yote hiyo hakumaliza hata mfarishi mmoja. Felista alisema sababu ni ndogo tu: alikuwa anaanza bila kujua utakwenda kutumika wapi.

"Sasa najua, mjomba. Nipeni mpaka kabichi zivunwe."

Tangu siku hiyo cherehani haikupoa. Naye Godlisten hakunyamaza. Kila Jumapili baada ya misa aliwaeleza wanaume wenzake kwamba mke ni kama stoo: asipokuwa na msimamizi, mali inaozea ndani. Yakobo alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Umetufundisha, shemeji," na hakucheka mpaka alipoipita kona.

Mifarishi yenyewe ilikuwa ya vipimo vya ajabu. Mmoja ulikuwa mpana kuliko kitanda, mwingine mdogo kuliko taulo, mwingine umeshonwa kama koti lisilo na mikono. Na kila mmoja ulitiwa kamba pembeni. Godlisten alipouliza, akajibiwa kwamba kamba ni za kufungia, usiteleze. Akaona huo ni ubunifu, akausifu kana kwamba ni wake.

Hata kazi alisaidia. Alishika ncha za shuka, alikosoa mishono, na kiraka cha mwisho alikikata kwa mkono wake. Masanduku yalipobaki matupu aliyapiga kofi moja baada ya jingine, asikilize yanavyolia. Alimwambia mkewe kwamba amefurahi kuona amechagua vizuri. Felista akamshukuru kwa kumsaidia kuchagua.

Kisha akamwarifu kwamba lori la dereva Mikidadi litafika Jumamosi asubuhi kwa ajili ya ile mifarishi. Godlisten hakuhitaji kuelezwa zaidi, mteja amepatikana. Jumamosi akavaa suti, akateremka kwa kinyozi, maana mwenye mali huangaliwa kwanza kichwani.

Aliporudi, ukungu ulikuwa unaachia bonde na lori limesimama uani. Yakobo alikuwa anakaza turubai. Mzee Kasiani alikuwa amekaa barazani, kofia mapajani, kama anayeaga. Felista alisimama mlangoni na kikapu cha ndizi za kuchoma na chupa ya chai, vya njiani.

Godlisten akakunjua turubai kidogo ili akague. Mifarishi haikuwa imekunjwa kama bidhaa. Ilikuwa imevishwa vitu na kufungwa kamba barabara. Ule mpana ulikuwa umelikumbatia kabati lake. Ule wa koti ulikuwa umekivaa kiti chake. Ule mdogo kabisa, wa vitenge vya kwaya, ulikuwa umeifunika redio, na huko ndani redio ilikuwa bado inasoma taarifa ya habari.

Mikidadi akamfungulia mlango wa mbele.

"Shikamoo, mzee. Tuondoke mapema, Kibosho ni mbali. Mizigo yako yote imeshapanda. Umebaki wewe."