Jina la Bi Semeni

Nasra aliweka kidole juu ya kitufe cha kufuta, akakiondoa tena.

"Bonyeza tu, mwanangu," alisema Bi Semeni nyuma yake. Mkononi alishika mfuko wenye kanga na kikombe chake cha chai. "Funguo za mapokezi nimeshakabidhi. Limebaki jina."

Jina lilikuwa kwenye saraka, orodha ya wafanyakazi ambayo kila programu ya hospitali huipigia hodi na kuuliza: huyu ni wetu? Programu ikishajibiwa hutakiwa kufunga mlango, au kumwachia mwenzake mlango uleule. Lakini tangu wagonjwa waongezeke, milango, ambayo ina idadi yake, ilikuwa ikiachwa wazi mpaka inakwisha yote. Mfumo unaganda. Dawa hazitoki. Watu wanarudi makwao Ngamiani mikono mitupu, mtoto anachemka homa mgongoni.

Nasra ndiye aliyekagua. Kila mlango ulioachwa wazi ulikuwa na jina moja: Semeni. Ndiye aliyepeleka ushahidi kwa meneja.

"Wewe unaingia mara moja tu asubuhi," meneja Masoud alimwambia Bi Semeni kikaoni. "Basi kuna mtu umempa neno lako la siri. Nani?"

"Mtoto wa watu. Hana nia mbaya."

"Mtaje, ubaki kazini."

"Simtaji. Mimi nimebakiza kidogo nistaafu. Yeye ndiyo kwanza anaanza maisha."

Kila mtu akamfikiria Sele, mpwa wake mwenye duka la dawa Horohoro. Nasra naye akamfikiria huyohuyo, na usiku hakulala. Bi Semeni ndiye aliyempokea alipotoka chuoni. Alimkalisha mezani kwake wiki nzima, jina la Nasra halijaingia hata kwenye saraka, akamgawia hata kiti.

"Nisamehe, Bi Semeni."

"Nikusamehe lipi? Umefanya kazi yako. Vitumbua viko kwenye bakuli, usiviache vipoe."

Akabonyeza. Jina likatoweka.

Bi Semeni hajafika hata getini, simu zikaanza kulia. Maabara. Dirisha la dawa. Wodi ya wazazi. Kila programu inakataliwa, hakuna anayeweza kuingia.

"Nasra, umefanya nini?" Masoud alifoka kwenye simu.

"Sijui, bosi. Nimefuta mtu mmoja tu."

Alifungua programu ndogo inayopiga hodi kwa niaba ya nyingine zote. Aliiandika mwenyewe wiki yake ya kwanza kazini, pale mezani kwa Bi Semeni, ikafanya kazi, hakuigusa tena. Akaisoma kuanzia juu, taratibu.

Hapakuwa na mstari wowote wa kufunga mlango. Na mahali pa jina la anayepiga hodi, alikuwa ameandika: semeni.