Maua ya Mwarobaini

Kila mara mwarobaini wa uani ulipochanua, Mwanaidi alipiga chafya mpaka mbavu zikamuuma, na mama mkwe wake, Bi Ruzuna, alimfunika blanketi juu ya chungu cha majani yaliyochemka, ajifukize. Huu ulikuwa mwaka wa tatu.

"Vuta mvuke, mwanangu. Ukitoka mapema dawa haishiki."

Mwanaidi alivuta. Koo likambana, macho yakamuwasha kama yametiwa pilipili. Alipoyafumbua kwa taabu akaona, juu ya majani, maua madogo meupe yakielea.

Akalitupa blanketi kule.

"Mama, maua haya yanafanya nini humu?"

"Si nayatia siku zote? Ndiyo yenye nguvu."

"Miaka mitatu unanipikia ugonjwa wangu," Mwanaidi alisema, "na mimi naunywa kwa pua."

Bi Ruzuna akacheka kidogo. "Dawa haikosi ukali. Rudi ujifunike."

Mwanaidi alikishika chungu kwa pindo la kanga, akaumwaga mchemsho wote chini, akaingia jikoni. Alipotoka alikuwa na shoka la kuni, akauendea mwarobaini. Upepo ukavuma, na mti ukammwagia maua kichwani.